Dripu Moja, Watoto Wawili: Kumjengea Timu Mtoto Mwenye Kifafa na Ugonjwa Adimu

Saa nane usiku, hospitali ya wilaya. Watoto wawili wameletwa, kila mmoja kapakatwa na mama yake juu ya bodaboda. Wote wametapika tangu jioni, wote wana homa, wote wameshikwa na degedege njiani. Muuguzi wa zamu anafanya alivyofundishwa: anapima malaria, anatafuta mshipa, anatundika dripu. Kabatini ana chupa za aina mbili, za maji ya chumvi na za maji ya sukari.

Mtoto wa kwanza amezaliwa na ugonjwa unaouzuia mwili wake kuchoma mafuta. Akikaa saa nyingi bila kula, sukari ya damu inaporomoka. Mwili wa mtoto mwingine ungegeukia akiba yake ya mafuta, wa kwake hauwezi. Huyu anahitaji maji ya sukari sasa hivi, bila kungoja majibu ya maabara. Mtoto wa pili ana upungufu wa GLUT1, kibebaji kinachovusha glukosi kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo. Sukari anayo tele, lakini mlango wa kuingilia ubongoni umebana. Anaishi kwa chakula cha mafuta mengi, ambacho ini hukigeuza kuwa ketoni, na ubongo wake unatumia hizo badala ya sukari. Ukimtundikia maji ya sukari pasipo sababu, ketoni zinapotea na kifafa ambacho hakijamgusa kwa miezi kinaweza kurudi. Yeye anafaa maji ya chumvi, isipokuwa kipimo cha kidoleni kimeonyesha kwamba sukari yake nayo imeshuka mno.

Kwa macho hawatofautiki hata kidogo, na muuguzi hana kosa. Kinachowatenganisha ni habari, na usiku ule habari hiyo imo kwenye faili la hospitali ya rufaa umbali wa siku nzima kwa basi, au imo kichwani mwa daktari aliyelala. Kazi yote ya timu ni kuitoa huko na kuiweka mkononi mwa aliye zamu.

Tunazungumzia watu wachache waliojificha ndani ya umati mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu 80% yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Magonjwa ya umetaboli ya kurithi, yale yanayotokea kimeng'enya au kibebaji fulani mwilini kinapokosekana, yako zaidi ya 1,000, na mengi yanaugusa ubongo. Kila moja ni adimu peke yake. Yakijumlishwa, hakuna daktari wa watoto wa mkoa atakayestaafu bila kukutana nayo, ayatambue asiyatambue.

Kabla ya timu, shaka

Timu haiundwi mpaka mtu ashuku, na anayeshuku kwanza huwa ni aliye karibu, mara chache sana bingwa. Kifafa kingi huku kwetu kina chanzo kinachofahamika: mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, minyoo ya tegu iliyofika ubongoni, ajali. Mtoto asipoingia kwenye mojawapo, maswali yanabadilika. Je, degedege lilianza saa au siku za kwanza za maisha na fenobabito haikulituliza? Alikuwa anakaa, anashika, anacheka, kisha akaanza kupoteza alichokwisha kujifunza? Anaanguka asubuhi kabla ya chai na kuchangamka akishakula? Au kinyume chake, anazubaa na kutapika baada ya mlo wa nyama na maharage, au kila apatapo homa ndogo? Nywele zinanyonyoka na ngozi ina ukurutu usiosikia dawa? Mkojo wake unanuka kama panya, au kama sukari iliyoungua? Wapo ndugu waliomtangulia waliofariki wachanga kwa namna ileile? Wazazi wana udugu?

Hilo la mwisho huulizwa kwa adabu, faraghani. Pwani kuoana watoto wa ndugu ni jambo la heshima, wala hakuna anayepaswa kulionea haya. Lakini mengi ya magonjwa haya hutokea baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba jeni moja yenye hitilafu bila wao kuugua. Kila mimba basi ina uwezekano wa 25% wa kumpata mtoto mgonjwa, na watu wa ukoo mmoja ni rahisi zaidi kubeba jeni ileile. Wasio na udugu nao huwapata. Baba na mama wote wawili, narudia, kwa maana bado wako akina mama wanaorudishwa kwao kwa neno moja tu, kwamba kifafa kimetoka upande wao. Anayetoa ushauri wa vinasaba aanze na hilo, na baba awepo chumbani.

Yapo magonjwa machache ambayo kuyakosa kunauma kuliko mengine, kwa sababu dawa yake ni vitamini. Kifafa kinachotegemea vitamini B6 kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1954. Mtoto mchanga anatukutika mfululizo, dawa za kawaida hazimtulizi, akipewa pairidoksini anatulia, na ataitumia maisha yake yote. Pairidoksini ndiyo ile wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia isoniazidi, kwa hiyo mara nyingi imo kwenye jengo lilelile, kabati la kliniki nyingine. Jaribio lake lakini lifanyike hospitalini, kifaa cha kumsaidia kupumua kikiwa kando, kwa kuwa dozi ya kwanza inaweza kumzimisha pumzi. Upungufu wa biotinidezi, ule wa nywele kunyonyoka na ukurutu, unatibiwa kwa biotini kwa mdomo kila siku. Ukichelewa, usikivu wa masikio na uoni vilivyopotea huenda visirudi.

Na kuna dokezo ambalo tayari limelala kwenye mafaili yetu. Hospitali nyingi huchukua maji ya uti wa mgongo kwa mtoto mwenye degedege ili kutafuta maambukizi. Majibu yakirudi hakuna vijidudu, chembe nyeupe ni za kawaida, ila glukosi iko chini, watu hushusha pumzi kwamba si homa ya uti wa mgongo na karatasi inafungwa. Hapo ndipo pa kuuliza kuhusu GLUT1, ugonjwa ulioelezwa na Darryl De Vivo na wenzake mwaka 1991. Ili jibu liwe na maana, sukari ya damu ipimwe muda mfupi kabla ya kuchoma uti, maana kinachotafutwa ni uwiano wa namba hizo mbili, na malaria kali pekee inaweza kuziangusha zote.

Kuhusu maabara nitasema mawili tu. Damu ya kupima amonia iwekwe kwenye barafu na ifike kwenye mashine haraka, kwa kuwa ikikaa mezani amonia hupanda yenyewe na jibu linadanganya. Na vipimo vingi vya umetaboli vinaweza kufanywa kwa matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi maalumu na kutumwa maabara ya nje ya nchi. Wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wanaijua karatasi hiyo, ndiyo wanayotumia kupima virusi vya Ukimwi kwa wachanga. Ikaushwe imelala, kivulini, kwa saa kadhaa, pasipo kurundikwa juu ya nyingine.

Aliyelala na mtoto ndiye wa kwanza

Norway, mwaka 1934. Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili ambao akili yao haikukua, na kwa miaka alikuwa amezunguka kwa madaktari akiuliza swali moja ambalo hakuna aliyelijali: mbona mkojo wao una harufu hii? Hatimaye alifika kwa Asbjørn Følling, daktari aliyekuwa pia amesomea kemia. Følling alitia dawa kwenye mkojo ule, ukageuka kijani. Akamtuma mama alete mwingine, na mwingine tena, hadi alipoitambua kemikali iliyokuwamo. Ugonjwa huo leo unaitwa fenilketonuria. Usipotibiwa unaharibu akili, na baadhi ya wagonjwa hupata kifafa pia.

Tiba haikuwapo. Ilipatikana Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko mama mwingine alikuwa akija maabara kila asubuhi kumuuliza Horst Bickel lini atapata kitu cha kumsaidia binti yake. Bickel, daktari mwenzake John Gerrard na mkemia Evelyn Hickmans walitengeneza chakula kisicho na kiini cha protini ambacho mwili wa mtoto ulishindwa kukisaga, wakachapisha matokeo mwaka 1953. Leo mtoto anayegunduliwa mapema na kushika lishe hiyo hukua na akili timamu.

Naisimulia habari hii kwa sababu katika hospitali zetu mama bado anaambiwa akae nje kwenye benchi wakati mtoto wake anajadiliwa. Akae ndani. Tena aongee kwanza.

Mshika faili

Ukisikia timu, usifikirie ukumbi wenye mabingwa kumi. Ziko nchi ambako daktari wa neva, wa umetaboli, ofisa lishe, mfamasia na mwanasaikolojia huketi pamoja, na mtoto akawaona wote asubuhi moja. Kwetu mabingwa wa neva za watoto wanahesabika na wako miji mikubwa. Timu yetu itaishi kwenye simu, na itafanya kazi ikiwa ina vitu viwili: mtu mmoja wa kushika faili, na siku inayojulikana.

Mshika faili asichaguliwe kwa ukubwa wa elimu. Achaguliwe anayepokea simu, aliye karibu na nyumbani kwa mtoto, na asiye kwenye orodha ya uhamisho wa mwezi ujao. Anaweza kuwa daktari wa wilaya, tabibu wa kituo cha afya, au muuguzi mzoefu. Awe na msaidizi anayejua kila kitu anachokijua yeye. Kazi yake ni nyepesi kuitaja na nzito kuitenda: badiliko lolote lipite kwake. Bingwa akipandisha dozi huko Dar es Salaam au Nairobi, ofisa lishe akipunguza protini, daktari wa meno akipanga kumlaza mtoto bila kula kwa ajili ya nusukaputi, yeye ajue kabla halijatendeka. Hilo la nusukaputi ni zito, kwa sababu kukesha bila kula kwa ajili ya upasuaji mdogo ndiko kunakomwangusha yule mtoto wa kwanza niliyeanza naye.

Kila miezi mitatu wapigiane simu ya pamoja, nusu saa inatosha. Dakika kumi za mwanzo ni za mama au baba peke yake, bila kukatizwa, maana wakishatangulia wasomi kusema, mzazi hunyamaza. Kisha uzito wa mtoto wa wiki hiyo, kisha daftari la kifafa, kisha uamuzi. Na uamuzi uwe mmoja kwa wakati mmoja. Hapa ndipo timu nyingi nzuri huharibikiwa: daktari anaongeza dawa Jumatatu, ofisa lishe anabadilisha chakula Jumatano, mtoto anapata nafuu au anazidiwa Ijumaa, na hakuna awezaye kusema ni nini kilichofanya hivyo. Wapeane zamu. Mwishoni mshika faili asome kwa sauti yaliyoamuliwa na jina la atakayetenda kila moja, na mzazi apige picha ukurasa huo.

Daftari la kifafa ni daftari la shule la kawaida. Tarehe, saa, dakika ngapi, alikuwa amekula nini na saa ngapi, alikuwa na homa, amelala vipi, dozi ipi ilisahauliwa. Safu ya "saa ngapi tangu mlo wa mwisho" ndiyo inayofichua magonjwa ya umetaboli, nayo ndiyo ambayo madaftari mengi hayana. Video ya simu inasaidia kuliko maelezo ya saa nzima. Anza kurekodi mapema, shusha blanketi, onyesha uso, macho na mikono yote miwili, useme saa kwa sauti, na umpigie picha baada ya kumlaza ubavu. Kwenye kundi la WhatsApp la timu asitajwe kwa jina. Herufi mbili zinatosha, na kundi liwe la timu tu, asiingizwe shangazi hata kama ndiye aliyelipa nauli.

Karatasi

Faili linakaa hospitalini, karatasi inatembea na mtoto. Ni ukurasa mmoja, upande wa mbele kwa Kiswahili chepesi kwa ajili ya mwalimu, jirani na mlezi, upande wa nyuma kwa lugha ya kidaktari. Waganga wa magonjwa haya katika nchi zilizoendelea huwapa wagonjwa wao barua ya dharura ya namna hii, na hakuna chochote ndani yake kinachohitaji fedha.

Juu kabisa liandikwe jina la ugonjwa na sentensi moja ya kueleza unachofanya. Chini yake: mtoto huyu asikae zaidi ya saa kadhaa bila kula, na idadi hiyo iandikwe kwa tarakimu kulingana na umri wake. Kisha nini kifanyike katika nusu saa ya kwanza: sukari ya kidoleni ipimwe, dripu gani itundikwe na kwa nguvu gani, dawa gani ya kukata degedege, kiasi gani kwa uzito wake wa sasa. Kisha kwa herufi kubwa, asichopaswa kupewa. Kisha namba mbili za simu. Iwe na sahihi, mhuri, uzito, tarehe, na siku ya kwisha muda wake, si zaidi ya miezi sita mbele, maana mtoto anakua na dozi ya mwaka jana ni dozi ya mtoto mwingine. Na mstari mmoja ambao naomba usiachwe katika nchi zetu: pima malaria na utafute maambukizi kama kwa mtoto yeyote. Ugonjwa adimu usiwe pazia la kuufichia ugonjwa wa kawaida.

Ilaminetiwe. Nakala moja ikae kwenye begi la mtoto, moja shuleni, moja kwa bibi, na picha yake kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba. Wakati mtoto ni mzima, mama aipeleke hospitali ya karibu, amwone mganga mfawidhi na muuguzi kiongozi, wasomeshane pamoja. Karatasi iliyoonekana mara ya kwanza saa nane usiku hubishiwa.

Dawa zinazogombana na mwili

Sodiamu valproeti ni dawa nzuri ya kifafa, na wengi inawafaa. Kwa mwenye hitilafu ya jeni iitwayo POLG, inaweza kuliua ini. Kwa mwenye kasoro ya vimeng'enya vinavyoondoa amonia, inaipandisha amonia hadi mtoto azimie. Kwa hiyo mtoto mdogo mwenye kifafa kisichojulikana chanzo, hasa anayerudi nyuma kimakuzi, asianzishiwe dawa hiyo kabla mtu mmoja wa timu hajauliza swali hili. Na yeyote anayeitumia akianza kusinzia kusiko kawaida na kutapika, amonia ipimwe kabla ya kuambiwa ni uchovu. Msichana akikua, valproeti ina hatari nyingine, kwa mtoto aliye tumboni, na mazungumzo hayo yaanze mapema, kabla ya uchumba. Vivyo hivyo msichana mwenye fenilketonuria lazima arudi kwenye lishe kali kabla ya kushika mimba.

Mfamasia wa timu ndiye anayejua kwamba dawa ya maji imejaa sukari. Mtoto aliye kwenye lishe ya mafuta anaweza kuharibiwa na dawa ya kikohozi iliyonunuliwa kwa nia njema, na ndiyo maana apewe vidonge kila inapowezekana. Ndiye pia anayejua kwamba kidonge kinachoachia dawa polepole hakisagwi. Na ndiye wa kuambiwa wiki mbili kabla dawa haijaisha, siyo siku inapoisha, kwa kuwa dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla yenyewe inaleta degedege lisilokoma.

Jikoni

Hakuna ushauri unaotolewa kwa moyo mweupe kuliko ule wa "mpe uji wa lishe". Mahindi, soya, karanga, ulezi: kwa mtoto aliyekonda ni neema. Kwa mtoto ambaye mwili wake haumudu protini ni mzigo, na kwa aliye kwenye lishe ya ketojeni, ile ya mafuta mengi, ni wanga mwingi mno. Ndiyo sababu ofisa lishe hana budi kuwamo kwenye timu tangu siku ya kwanza, na mazungumzo yake ayafanye na anayepika. Mara nyingi anayepika ni bibi au dada wa kazi, wala si yule aliyekuja kliniki.

Lishe ya ketojeni ilianza Marekani mwaka 1921, Russell Wilder wa Mayo Clinic alipoipendekeza kwa wenye kifafa. Katika umbo lake kali, kila gramu 4 za mafuta huambatana na gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa. Kwa GLUT1 ndiyo tiba kuu. Kwa vifafa vingine visivyosikia dawa hujaribiwa, na ikifaa hufuatwa kwa miaka kama miwili. Kwa wenye kasoro ya kuchoma mafuta, kama yule mtoto wa kwanza, lishe hiyohiyo inaweza kuua. Ndiyo maana hakuna mzazi anayepaswa kuianza nyumbani kwa kuiona kwenye simu, hata kama jirani kapungua uzito nayo. Vipimo vya umetaboli hutangulia, kisha mizani ya jikoni, kisha vidonge vya vitamini na madini, kisha kupima ketoni kwenye mkojo, na kufuatilia mawe ya figo, choo kigumu na ukuaji.

Yenyewe haihitaji vyakula vinavyoletwa kwa ndege. Parachichi, mayai, samaki wa mafuta, mchicha uliopikwa kwa tui zito la kwanza, mafuta ya nazi yaliyopimwa kwa kijiko: Tanga na Mombasa zina karibu kila kitu. Kinachoshinda nyumba nyingi ni sahani ya pamoja. Mtoto anakaa na wenzake kwenye sinia, mkono unakwenda kwenye ugali, nani atamzuia? Apewe sahani yake nzuri kuliko za wengine wote, na wenzake waelezwe kwa lugha ya watoto kwamba chakula chake ni dawa. Watoto wakielewa hulinda kuliko watu wazima.

Nje ya hospitali

Mwalimu wa darasa ni mwanatimu. Ajue kumlaza ubavu, kulegeza kola, kutazama saa, kutomtia kijiko mdomoni, na kuita msaada degedege likifika dakika tano. Ajue pia kwamba mtoto huyu anakula saa nne hata kama darasa halijatoka. Povu la mdomoni haliambukizi kifafa, hilo liambiwe shule nzima, na lirudiwe kila mwaka darasa jipya linapoingia.

Kwa mchungaji, shehe na mganga wa jadi, nashauri usiende kwa ugomvi. Familia itakwenda kwao iwe kliniki inataka au haitaki. Mshika faili awatafute yeye mwenyewe na kuwaomba mambo matatu: wasimfungishe mtoto kwa ajili ya maombi, wasimnyweshe mitishamba, wasimwambie aache dawa. Dua, wamsomee. Huko Mahenge, Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wenye kifafa mwaka 1960, wagonjwa walikuwa wametengwa kwa hofu ya kuambukiza, wengine wana makovu ya kuangukia moto. Vidonge vilipoanza kufanya kazi, watu waliona kwa macho yao. Aliye na ushawishi kijijini akiona vivyo hivyo, huja kuwa mlinzi wa dozi. Wakati wa Ramadhani mwenye ugonjwa wa aina hii aliyefikia umri wa kufunga azungumze na daktari na shehe kwa pamoja, mapema, mwezi wa Shaabani. Kwa baadhi yao ruhusa ya kula ni suala la uhai.

Jiko la mafiga matatu liinuliwe au lizungushiwe uzio. Maji ya kuoga yawe ya ndoo na kata, si ya beseni refu. Ofisa ustawi wa jamii aulizwe kuhusu msamaha wa gharama kabla familia haijauza shamba. Vyama vya wazazi vipo, kama Rare Disorders Kenya na Ali Kimara Rare Disease Foundation ya Tanzania, na mama aliyekwisha kupita njia hii atakujibu maswali ambayo kliniki haina muda nayo. Mdogo wake mtoto akizaliwa, karatasi ya matone ya damu iwe tayari wodini tangu siku za mwanzo, asingojewe aanguke.

Akitimiza miaka 18, usimwache aangukie kati ya kliniki mbili. Mshika faili wa watoto na yule wa watu wazima waonane naye pamoja walau mara moja, naye awe amekwisha kujifunza kuisoma karatasi yake mwenyewe na kumweleza mgeni ugonjwa wake kwa sentensi mbili.

Na mnaposafiri, tuseme basi la alfajiri kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, pangeni milo kwa saa, si kwa vituo, kwa kuwa basi likiharibika porini hakuna hoteli. Chakula cha siku mbili, dawa za wiki moja zaidi, zote kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye buti. Dawa ya kukata degedege mfuko wa nje. Mwambieni kondakta mapema, kabla ya kukaa, jina la mtoto na namba ya kiti. Karatasi ikae kwenye mfuko wa juu, upande wa Kiswahili ukitazama nje.